Kwenda Fleadh Cheoil na Watoto: Mwongozo kwa Familia Inayokwenda Mara ya Kwanza

Kila ukifika mwezi wa saba, maswali huanza kuingia kwenye simu yangu. "Dada, hiyo sherehe ya muziki ina kiingilio?" "Watoto wanaruhusiwa?" "Si mambo ya pombe tu hayo?" Nimejibu kwa ujumbe wa sauti mpaka koo limekauka, kwa hiyo nayaandika hapa mara moja. Najua wengi wenu mnaishi Dublin, Cork au Galway, na wengine mnakuja kutembelea ndugu likizo ya Agosti.

Nazungumzia Fleadh Cheoil na hÉireann. Tamka "fla hyol". Maana yake ni karamu ya muziki wa Ireland, na kweli ni karamu. Ilianzia Mullingar mwaka 1951, mwaka uleule kilipoundwa chama cha Comhaltas Ceoltóirí Éireann ambacho ndicho kinachoiandaa mpaka leo. Haina mji wake wa kudumu. Hukaa mahali mwaka mmoja, miwili au mitatu, kisha huhamia kwingine: Mullingar 2022 na 2023, Wexford 2024 na 2025, na 2026 ikapangiwa Belfast kwa mara ya kwanza. Hufanyika Agosti, Jumapili hadi Jumapili.

Mtaniuliza kwa nini siandiki kuhusu Siku ya Mtakatifu Patrick, tarehe 17 Machi. Ile ni nzuri, nendeni, lakini ni gwaride. Unasimama kwenye baridi, umembeba mtoto mabegani, na baada ya saa mbili imekwisha. Kwenye Fleadh mtoto anamkaribia mpiga fidla mpaka anaiona poda nyeupe ya ulimbo ikidondoka toka kwenye uta na kutanda juu ya mbao. Kama mwaka huu mna nguvu za kwenda mahali pamoja tu, nendeni huku.

Jambo moja lieleweke kabla ya yote. Hili si tamasha la jukwaani. Jukwaa la wazi lipo, wanaliita Gig Rig, na ni bure. Lakini Fleadh yenyewe iko barabarani, kwenye kumbi za shule, kwenye kona za baa na kwenye ngazi za kanisa. Familia nyingi za kwetu hufika, hukaa mbele ya jukwaa siku nzima, kisha hurudi zikisema ilikuwa ya kawaida. Zilikaa mahali pasipo na sherehe.

Vitu vya kuwa navyo

- Koti la mvua kwa kila mtu. Mwavuli kwenye barabara iliyojaa watu utamchoma mwenzio jicho.
- Kanga mbili. Moja ya kumbeba mtoto mgongoni, moja ya kutandika kwenye majani. Kigari cha mtoto kiacheni nyumbani kama mtoto anabebeka.
- Sweta, hata kama asubuhi kuna jua. Agosti ya Ireland ni nyuzi 15 hadi 20 hivi, na jioni hushuka.
- Vikinga masikio kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu.
- Sarafu za euro, au za pauni kama ni Belfast. Nitaeleza za nini.
- Bangili ya karatasi au kitambaa yenye namba yako ya simu kwa kila mtoto.
- Benki ya umeme ya simu, maji, na chakula cha kuanzia siku.
- Filimbi ndogo ya bati, ya sauti ya D. Duka lolote la muziki nchini humo linayo, na bei yake haifiki ya mlo mmoja wa mgahawani.

Hatua kwa hatua

1. Chagua siku kabla hujachagua kitu kingine

Wiki ya Fleadh ina sehemu mbili. Jumatatu hadi Ijumaa kuna Scoil Éigse, shule ya muziki ya wiki moja, ambayo watoto na watu wazima hujiandikisha mapema. Darasa likitoka, watoto hao humwagika mitaani na vyombo vyao. Kisha Ijumaa hadi Jumapili ni mashindano makubwa, na ndipo umati unapofurika. Wexford na Mullingar ni miji ya watu 20,000 na ushei, na waandaaji walihesabu wageni zaidi ya nusu milioni kwa wiki. Piga picha hiyo kichwani.

Kwa familia yenye watoto wadogo, ushauri wangu ni Jumatano au Alhamisi. Muziki uko tele na unaweza kupita. Wenye watoto wa miaka kumi kwenda juu waende Ijumaa au Jumamosi ili waone mashindano.

2. Angalia karatasi zako za safari, hasa ikiwa ni Belfast

Hapa sitanii hata kidogo. Belfast iko Ireland ya Kaskazini, na hiyo ni Uingereza. Hakuna kizuizi barabarani. Basi au treni kutoka Dublin hupita mpaka bila wewe kuona chochote isipokuwa vibao vya mwendo kubadilika kutoka kilomita kuwa maili. Lakini sheria ipo. Mwenye pasi ya Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo, Rwanda au Burundi anahitaji viza ya Uingereza, hata kama ana kadi ya ukaazi ya Ireland mfukoni. Maafisa wa uhamiaji wakati mwingine hupanda basi na kukagua.

Mtego ninaouona zaidi ni huu: watoto wana pasi za Ireland, baba amepata yake mwaka jana, mama bado anasubiri. Familia inajiona ni ya Ireland yote. Watoto na baba ni huru kwenda. Mama anahitaji viza. Na mgeni aliyekuja kwa viza ya Ireland ya kuingia mara moja ajue kwamba akivuka kwenda Belfast ameshatoka nchini, na viza ile imekwisha kazi.

Fleadh ikiwa upande wa Jamhuri ya Ireland, haya yote hayakuhusu.

3. Tafuta malazi nje ya mji

Vyumba vya mjini huisha miezi mingi kabla, na bei hupanda. Mwaka wetu wa kwanza nilingoja mpaka Juni, nikapata chumba, nikalipa, na wiki mbili kabla ya safari mwenye nyumba akafuta kwa ujumbe wa mstari mmoja. Tangu hapo nalala mji wa jirani wenye treni. Kwa Wexford ni Enniscorthy au Gorey. Kwa Mullingar ni Longford, au hata kulala Dublin na kwenda na kurudi, maana ni kilomita 80 hivi na treni inaondoka stesheni ya Connolly. Kwa Belfast, Bangor na Lisburn ziko kwenye reli.

Kabla hujakata tiketi ya kwenda, angalia treni ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi. Hii ndiyo saa inayotawala siku yako yote.

4. Kubalianeni kuhusu saa

Mtanishangaa, lakini hili limetuvuruga kuliko mvua. Nilimwambia wifi yangu kwa simu, "Tukutane mbele ya kanisa saa nane." Yeye akawapa ujumbe wanawe waliozaliwa huku, na wao wakaandika 8. Sisi tulisimama pale mchana, wao walikuja jioni. Ratiba ya Fleadh imeandikwa kwa saa za Kizungu: 11:00 ni saa 5 asubuhi, 21:00 ni saa 3 usiku. Katika ujumbe wa familia andikeni 14:00, basi, wala msiseme kwa mdomo.

5. Fika asubuhi, fanya mambo matatu kwanza

Ukishuka tu: piga picha ya kila mtoto akiwa amevaa nguo za siku hiyo, vaeni bangili za namba, chagueni mahali pa kukutania panapoonekana kwa mbali, kama mnara wa kanisa. Usichague "mbele ya jukwaa", kwa sababu kufikia mchana hapapitiki. Waonyeshe watoto polisi alivyovaa. Kwenye Jamhuri polisi wanaitwa Garda, na ndivyo ilivyoandikwa mgongoni.

6. Anza na watoto wa barabarani

Tembeeni taratibu kwenye barabara kuu. Kila hatua chache mtamkuta mtoto wa miaka saba, kumi, kumi na mbili, amesimama na fidla, filimbi, banjo au kinanda kidogo cha mkono wanachokiita konsatina, kisanduku cha chombo kikiwa wazi miguuni. Sarafu ni za hapa. Mpe mwanao sarafu aitumbukize mwenyewe, kisha asimame asikilize mpaka mwisho. Kutupa sarafu na kuendelea na safari si adabu, na isitoshe mtoto wako atakosa kile mlichokifuata: kumwona mtoto mwenzie anaweza.

Masikio ya kwetu hayatakuwa ugenini. Fidla na kodiani mnazijua kwenye taarabu. Ile ngoma bapa, bodhrán, tamka "boraan", ni kama dufu: ngozi ya mbuzi juu ya duara la mbao, ila wao huipiga kwa kijiti chenye vichwa viwili, na mkono wa pili uko ndani ukibana ngozi kubadilisha sauti. Na mdundo wao wa jigi unahesabiwa sita, kama chakacha. Mama yangu alipokuja kututembelea, mtu wa Mombasa, kiuno kilishajua kabla hajauliza ni muziki gani. Kigeni kabisa kitakuwa zumari ya kiriba, uilleann pipes, inayojazwa upepo kwa kiwiko cha mkono. Mpigaji hukaa kitako na hapulizi kwa mdomo. Watoto hudhani ni mazingaombwe. Wasogezeni waone kiwiko kinavyokwenda. UNESCO iliutambua upigaji wake kuwa urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017, na upigaji wa kinubi ukafuata 2019. Kinubi mtakitambua: kiko mgongoni mwa sarafu za euro za Ireland. Mwache mtoto alinganishe sarafu aliyoshika na kinubi kilicho mbele yake.

7. Ingieni shindano moja la watoto

Washindani hugawanywa kwa umri: chini ya miaka 12, 12 hadi 15, 15 hadi 18, na watu wazima. Wote wamepita ngazi za chini kwanza. Wengine wanatoka Uingereza na Amerika. Mashindano huwa kwenye madarasa na kumbi, na kiingilio chake ni kidogo ukilinganisha na tamasha za usiku, ambazo tiketi zake huuzwa peke yake. Chagueni la chini ya miaka 12.

Masharti ni magumu na myafuate: mlango hufunguliwa baina ya mshindani na mshindani, hamwingii mtu akiwa anapiga. Simu zinyamazishwe. Msirekodi. Mtoto akianza kulia, toka naye mara moja kwenye nafasi inayofuata, hakuna atakayekununia. Nusu saa inatosha.

Wenye watoto wakubwa waulizie shindano la bendi za céilí, yaani ngoma ya Kiairishi ya kucheza pamoja, tamka "keli". Fainali ya wakubwa ni Jumapili usiku na tiketi zake hugombewa.

8. Sesheni ya baa: nendeni mchana

Sesheni ni wapigaji kukaa duara na kupiga pamoja, bila jukwaa. Kuingia baa ndilo swali kubwa, hasa kwa Waislamu na walokole, nami nalijibu wazi. Sehemu kubwa ya muziki bora iko ndani ya baa, kwa sababu baa kwao ni sebule ya mtaa. Wakati wa Fleadh mchana utakuta bibi na wajukuu, wapiga muziki wanakunywa chai. Agiza soda au chai, hakuna atakayeuliza. Kama dhamiri yako haikuruhusu kuingia, usijilazimishe: sesheni nyingi hufanyika nje, uani au barabarani, na hutapoteza sana.

Kisheria, kwenye Jamhuri mtoto wa chini ya miaka 15 lazima awe na mzazi au mlezi, na wote walio chini ya 18 watoke saa 4 usiku, miezi ya Mei hadi Septemba. Ireland ya Kaskazini muda ni mfupi zaidi. Mimi saa 12 jioni natoka na wangu, kwa sababu baada ya hapo watu ni wengi na vinywaji vimeshakolea.

Sasa adabu, na hapa ndipo wageni tunapokosea:

- Viti vya duara ni vya wapigaji. Hata kikiwa kitupu, usikae.
- Usiguse chombo cha mtu wala usiweke glasi karibu nacho.
- Usipige makofi ya mdundo wala kugonga meza. Kugonga mguu taratibu sawa.
- Usiingie katikati kutunza. Najua mkono unawasha. Ukisikia kodiani imekolea unataka kuinuka na noti kama kwenye taarabu. Huku si desturi, na mpigaji ataona haya. Kama umependa, mwambie baada ya kumaliza.
- Mtu akianza kuimba peke yake, bila chombo, baa nzima hunyamaza. Nanyi mnyamaze, hata kijiko kisilie.

Kisha mpe mtoto kazi. Wimbo mmoja wa ngoma una sehemu mbili, kila sehemu hurudiwa, na wimbo mzima mara nyingi huzungushwa mara tatu kabla ya kuhamia mwingine bila kusimama. Mwambie ainue kidole anaposikia wamebadilisha. Mwanangu wa miaka sita alikosa mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu aliinua kidole sawia na yule mzee wa banjo akamkonyeza.

Na jiandaeni kuombwa wimbo. Wakiona familia ya wageni imetulia inasikiliza, mtu huuliza kwa upole kama mna wimbo wa kwenu. Msikatae. Andaeni mmoja mfupi wa kitoto. Binti yangu aliimba Kiswahili kwenye baa moja Wexford, sauti inatetemeka, na mama mmoja mwenye konsatina akaitafuta sauti yake, akaipata kwenye ubeti wa pili, akamsindikiza chini kwa chini mpaka mwisho. Sijaona mtu akishikwa mkono namna ile bila kuguswa.

9. Chezeni céilí

Ratiba ikionyesha ngoma ya wazi ya barabarani, ingieni. Kuna mtu wa kuita hatua, na wazoefu watawavuta. Hatua ya msingi ni moja-mbili-tatu, mwili wima, miguu ndiyo inayofanya kazi. Anayeanza huwekwa kwenye Walls of Limerick, ambayo ni rahisi: mnasogea mbele, mnarudi, mnabadilishana, mnapita kukutana na jozi nyingine. Mnashikana mikono na watu msiowajua. Asiyependa hilo akae na mikoba.

10. Chakula

Kuleni kabla ya saa 6 mchana au baada ya saa 9. Kwa anayefuata halali: nyama kwenye vibanda mhesabu si halali mpaka muulize, soseji za kawaida ni nguruwe, na ile soseji nyeusi ya asubuhi ina damu. Samaki na chipsi ndiyo kimbilio, ila ulizeni mambo mawili, kama unga wa samaki umechanganywa bia, na kama mafuta ni ya mnyama. Mkate wa magadi na siagi hautawaangusha. Kwa sala, jua la Agosti huzama karibu saa 3 usiku, kwa hiyo Alasiri ina nafasi kubwa na Magharibi huenda ikawakuta kwenye treni.

Mambo yakienda mrama

*Mtoto amepotea.* Mmoja abaki pale alipoonekana mwisho, mwingine aende mahali pa kukutania, na mwambieni polisi papo hapo mkimwonyesha picha ya asubuhi. Msianze wote kukimbia. Wangu alipotea dakika kumi Mullingar; alikuwa amekaa kitako mbele ya msichana wa kinubi, hana habari.

*Mvua inanyesha.* Itanyesha. Ingieni kwenye ukumbi wa mashindano, ndiyo sababu nyingine ya kujua ulipo kabla.

*"Mama, nyimbo zote zinafanana."* Mmekaa mahali pamoja muda mrefu. Ondokeni, tafuteni chombo kimoja tu mtoto anachokipenda, na mkifuate hicho mchana mzima.

*Tiketi za tamasha zimekwisha.* Msinunue kwa mtu wa barabarani. Nendeni Gig Rig, au angalieni matangazo ya moja kwa moja jioni mkiwa mmelala zenu.

*Hamwezi kufika Ireland.* Walio Marekani wana Milwaukee Irish Fest, iliyoanza 1981 kando ya Ziwa Michigan, na ile ya mji wa Dublin jimboni Ohio, jirani na Columbus walikojaa ndugu zetu. Zote ni Agosti. Hizo ni za uwanjani na zina kiingilio, kwa hiyo hatua ya 2 na ya 3 mziruke, adabu ya sesheni mwibebe.

*Mtoto amerudi na filimbi na haachi kuipuliza.* Msimnyang'anye. Comhaltas ina matawi mamia, ndani na nje ya Ireland, na mengi hufundisha watoto jioni moja kwa wiki kwa ada ndogo. Madarasa huanza Septemba, na ya filimbi ndiyo hujaa kwanza, kwa hiyo piga simu tawi la karibu nawe wiki hiyohiyo mliyorudi.